Mume Wangu, Kinanda na Mtu Aliyeitwa Mwandishi

Kuolewa na mpiga kinanda si mchezo. Watu wanamwona Jumamosi usiku amevaa suti, taa zinammulika, wanadhani na nyumbani mambo ni hivyo hivyo. Nyumbani ni nyaya. Nyaya chini ya kitanda, nyaya nyuma ya kochi, nyaya hadi kwenye kapu la nguo chafu. Na kila siku muziki wake: Jumapili asubuhi yuko na kwaya, Jumatano mazoezi na kikundi cha taarab, Ijumaa bendi ya dansi, na katikati ya hapo vijana wa bongo fleva wanamwita studio akawawekee kinanda kidogo. Mama yangu mzazi aliwahi kuniuliza mbele ya wageni, "Hivi huyu mumeo hasa anapiga nini?" Nikasema anapiga vyote. Mama akaguna. Mguno ule naukumbuka hadi leo.

Mwaka 2008 mambo yalifika pabaya. Hoteli moja ya ufukweni, jina nalihifadhi, ilimpa kazi ya kudumu: kila jioni apige nyimbo laini wageni wakila, mwisho wa mwezi mshahara. Mwenzangu, mshahara! Wenye waume wanamuziki wanajua neno hilo lina utamu gani. Yeye akasema atafikiria. Alikuwa na mpango wa kuunda bendi yake mwenyewe, ipige tungo zake mwenyewe, na bendi hiyo ingelishwa na nani kama si saluni yangu ya Sinza? Mtoto mmoja alikuwa anaanza darasa la kwanza, mwingine yuko mgongoni. Nikampa siku tatu. Akiikataa hoteli, mimi na watoto tunarudi kwetu Moshi.

Siku ya pili napanga begi, tena kwelikweli, nikakuta CD kwenye lundo lake. Juu imeandikwa "Mwandishi". Nikadhani ni mambo ya mashairi. Kumbe ni albamu ya Mmarekani anayeitwa Herbie Hancock, ilitoka 1971. Nikauliza, Mmarekani na Kiswahili wapi na wapi? Mume wangu akalitazama begi, akakaa kitandani, akasema, "Mama watoto, sikiliza kwanza wimbo mmoja, halafu uendelee kupanga."

Wimbo wenyewe ulikwenda zaidi ya dakika 10. Herbie aliutunga kwa heshima ya Angela Davis, yule mwanaharakati aliyekuwa mahabusu wakati ule, na mdundo wake unahesabiwa 15 badala ya 4 tuliyoizoea. Mume wangu alinihesabia kwa vidole kwenye ubao wa kitanda. Mimi nilipotea kwenye 7. Kusema ukweli sikuupenda, na hata leo siupendi sana. Kuna sehemu unasikika kama friji inayokata roho. Kilichonifanya nikae ni majina.

Mwishoni mwa miaka ya sitini Wamarekani Weusi wengi walikuwa wanaitafuta Afrika kwa kila njia, na lugha iliyowavutia ilikuwa hii yetu. Sikukuu ya Kwanzaa, yenye maneno kama umoja na ujima, ilianza 1966. Kijana mmoja mpiga ngoma, James, alijiita Mtume (hapo nilishika mdomo), na ndiye aliyewagawia wenzake majina. Herbie akawa Mwandishi, kwa maana ya mtunzi wa muziki. Mpiga besi Buster Williams akaitwa Mchezaji. Kwetu huyo ni wa Simba au Yanga. Mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na hilo lilimkaa vizuri maana alikuwa daktari kweli, aliyesomea. Bennie Maupin wa saksafoni akaitwa Mwile. Na Julian Priester wa tromboni, masikini, akapewa Pepo Mtoto. Jamani! Huku Uswahilini kwa jina hilo ungeitiwa shehe akusomee.

Nilicheka mpaka machozi. Mume wangu naye akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akanikumbusha kwamba hata sisi hatuna usafi katika hilo: bendi zetu za zamani zilijiita Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na zilichokuwa zinapiga ni dansi yenye rumba ndani yake. Wao walichukua Kiswahili, sisi tukachukua jazi. Hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa.

Begi likabaki wazi kitandani. Nikamwambia haya, nieleze huyo Mwandishi wako ni nani.

Alizaliwa Chicago tarehe 12 Aprili 1940. Alianza piano akiwa na miaka 7, na alipofika 11, mwaka 1952, alipiga muziki wa Mozart na okestra kubwa ya mji ule, Chicago Symphony. Mtoto wa namna hiyo ungesema njia yake imeshachorwa. Lakini sekondari alimsikia mwanafunzi mwenzake akipiga jazi bila karatasi mbele yake, akashindwa kulala. Akawa anakaa na santuri, anairudisha nyuma, anaandika nota moja moja mpaka ajue yule mtu amefanya nini. Chuoni Grinnell, kule Iowa, alianza na uhandisi wa umeme kabla ya kuhamia muziki. Ndiyo maana baadaye, wenzake walipoviogopa vinanda vyenye vitufe na nyaya, yeye alivichokonoa kama mtoto na redio ya baba yake.

Aliyempeleka New York ni mpiga tarumbeta Donald Byrd, aliyemlea kama mdogo wake. Mwaka 1962, kabla Herbie hajaenda kuzungumza na kampuni ya Blue Note kuhusu albamu yake ya kwanza, Byrd alimpa wosia mmoja: wakikuomba haki za nyimbo zako, kataa. Wakaomba kweli. Akajibu hapana, ameshaziweka kwenye kampuni yake mwenyewe. Wakamwambia basi hawawezi kurekodi. Kijana wa miaka 22, hana jina, hana pesa, akainuka kuondoka. Hajautoka mlango, wakamwita arudi.

Wimbo mmojawapo uliitwa Watermelon Man. Aliutoa kwenye mlio wa magurudumu ya mkokoteni wa muuza matikiti aliyekuwa anapita vichochoro vya mtaa wao utotoni. Mongo Santamaría, mpiga ngoma kutoka Kuba, aliurekodi kwa mtindo wake, na mwaka 1963 ukawa moto wa kuotea mbali. Mirabaha ikaja kwa Herbie. Na alinunua nini? Gari la mbio, Cobra. Mume wangu anasema mimi nisingekubali. Kweli nisingekubali.

Hapo kwenye haki za nyimbo mume wangu alisimulia haraka haraka, kisha akanyamaza. Nilijua kwa nini. Mwaka 2005 studio moja hapa mjini ilimwita, akawatungia vijana kipande cha kinanda, kile ambacho ukikisikia tu unaujua wimbo kabla mtu hajafungua mdomo. Akapewa shilingi 30,000 na soda. Wimbo ulipigwa redioni mwaka mzima. Ulipigwa hadi kwenye sendofu ya mdogo wangu, na yeye ndiye aliyekuwa kwenye kinanda siku hiyo, anapiga kitu chake mwenyewe kwa malipo ya usiku mmoja. Jina lake halikuandikwa popote. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Ila kila wimbo ule ulipoanza alikuwa anatoka nje, kama mtu aliyesikia hodi.

Mimi ni mtu wa biashara. Nina daftari la saluni ambamo hata sabuni ya shilingi 500 imo. Usiku ule, nimekaa na begi langu, ndipo nilipoona kwamba nimeolewa na mtu mwenye duka lisilo na mlango, na siku zote mimi nilikuwa nagombana naye kuhusu bidhaa zilizomo ndani.

"Endelea," nikamwambia.

Mwaka 1963 Miles Davis alimwita Herbie kwenye bendi yake. Alikaa miaka 5, pamoja na Ron Carter kwenye besi, Tony Williams aliyekuwa na miaka 17 tu kwenye dramu, na kuanzia 1964 Wayne Shorter kwenye saksafoni. Kuna kisa Herbie amekisimulia mara nyingi. Walikuwa jukwaani Ulaya, usiku mtamu, kila kitu kinakwenda sawa, Miles yuko katikati ya kipande chake, mara Herbie akabonyeza nota zisizo zake kabisa. Alitamani kujifunika uso. Miles akatulia kidogo tu, kisha akapiga nota zilizoifanya ile ya makosa iwe ndiyo iliyokuwa inahitajika. Hakumtolea macho, hakumsema. Mume wangu akinisimulia kisa hiki hunitazama kwa pembeni, nami hujifanya sijaelewa.

Usidhani huyo Miles alikuwa malaika. Mwaka 1968 Herbie alimwoa Gigi, mwanamke mzaliwa wa Ujerumani, wakaenda fungate Brazil. Huko akala kitu kikamdhuru, daktari akamkataza kusafiri, akachelewa kurudi kazini. Aliporudi alikuta kiti chake kimekaliwa na Chick Corea. Yaani mtu kapoteza kazi kubwa kuliko zote za jazi kwa sababu ya fungate! Nikamuuliza mume wangu kama Gigi alilaumiwa. Akasema hajui, ila yeye angemlaumu mpishi. Na sikia hii: mwaka 1978 Herbie na huyo huyo Chick Corea walizunguka wakipiga piano mbili, wawili peke yao jukwaani, wakatoa na albamu. Mimi mtu aliyekalia kiti changu ningemkaribisha chai, lakini asingeniomba sukari.

Basi, akiwa ameshapata uhuru asioutafuta, Herbie akaunda bendi yake, hiyo ya kina Mganga na Pepo Mtoto. Albamu yao ya kwanza kwa jina la Mwandishi ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970. Mkesha wa mwaka mpya, msomaji! Nyumbani kuna mke na binti mdogo. Hapo hapo mimi nikahamia upande wa Gigi na sijatoka. Wakafuatisha Crossings mwaka 1972 na Sextant mwaka 1973. Wakaongeza mtaalamu wa sintesaiza, mashine zikazidi, mizigo ikazidi, na watu wa kulipwa wakazidi. Wanamuziki waliwasifu, lakini santuri zenyewe hazikuuzwa sana. Herbie akawa anaziba pengo kwa mirabaha ya nyimbo zake za zamani.

"Unaona?" mume wangu akasema kwa furaha. "Muuza matikiti ndiye aliyemlisha Mganga."

"Na muuza matikiti wako ni mimi," nikamjibu.

Hakucheka. Mimi pia sikuwa nimesema ili acheke. Nilikuwa nimesimama toka saa 12 asubuhi nikisuka vichwa vya watu, na miguu ilikuwa imevimba. Tukakaa kimya mpaka CD ikaisha yenyewe.

Ni yeye aliyevunja kimya. Akasema mwaka 1973 Herbie aliivunja bendi ile. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya pesa. Mume wangu angeweza kunidanganya, kuniambia ni sanaa, ni roho. Akasema, "Pesa ziliisha, na sikio lake lilikuwa limeshasikia kitu kingine. Vyote viwili." Jibu lile nililipenda kuliko muziki wenyewe.

Kitu kingine chenyewe kilikuwa fanki. Herbie alikuwa ameingia Ubudha mwaka 1972, aliyemvuta akiwa yule yule Mchezaji, na anasema ni katika sala zake ndipo alipojikamata: anaupenda muziki wa Sly Stone, ila ndani yake kuna kiburi cha mtu wa jazi kinachomwambia huo si wa hadhi yake. Akakubali kwamba ni kiburi tu. Akamchukua Mwile peke yake kutoka bendi ya zamani, akatafuta wengine, wakatoa Head Hunters mwaka huo huo wa 1973. Wimbo wa kwanza unaitwa Chameleon, yaani Kinyonga, na ule mlio mzito wa besi unaoufungua ni Herbie mwenyewe kwenye sintesaiza. Kwetu kumwita mtu kinyonga ni tusi. Yeye akaliweka mbele kabisa. Albamu ilikuja kuuza zaidi ya nakala milioni 1.

Na ndani yake kuna Watermelon Man tena, umevaa nguo mpya. Unaanza na mtu anapuliza chupa ya bia: ni Bill Summers, akiiga upulizaji wa filimbi wa watu wa misituni Afrika ya Kati. Wimbo ule ule wa 1962, mwenyewe ni yule yule, hakuna wa kumwomba.

Walimtukana sana waliokuwa wanampenda zamani. Kauza jazi, walisema. Miaka mitatu baadaye yuko na wenzake wa enzi za Miles, piano ya kawaida, suti. Wakasema kumbe amerudi. Mwaka 1983 akatoa Rockit, santuri zinakwaruzwa na DJ, video imejaa roboti zinazorusha miguu, na 1984 video hiyo ikazoa tuzo 5 za MTV. Wengine tuliiona kwenye kanda za video mitaani bila kujua ni ya nani. Mimi niliogopa lile roboti lililokuwa kitandani. Mwaka 1987 akapata Oscar kwa muziki wa filamu ya Round Midnight, jazi tupu. Mimi nikifikiria mtu mmoja kufanya haya yote nachoka. Februari 2008, miezi michache kabla ya ugomvi wetu, albamu yake yenye nyimbo za Joni Mitchell ilikuwa imepata Grammy ya albamu bora ya mwaka, mbele ya kina Kanye West na Amy Winehouse. Tuzo hiyo ilikuwa haijaenda kwa albamu ya jazi tangu 1965.

Begi nililirudisha juu ya kabati saa 8 usiku. Tulikubaliana hivi: hoteli ataifanya mwaka mmoja, ada ya shule ipatikane. Bendi yake ataiunda, mazoezi mchana. Na kuanzia siku ile, wimbo wowote, hata mluzi, hautoki ndani ya nyumba kabla mimi sijauandika: jina la wimbo, tarehe, nani alikuwepo, nani kalipa. Nikanunua daftari la kurasa 200. Nikaenda mwenyewe COSOTA, wa hakimiliki, kuuliza utaratibu, na rola zangu kichwani.

Kama unadhani mambo yalinyooka, pole. Bendi ilikufa 2011. Watu 9, vyombo vya kukodi, ukumbi nusu. Saluni yangu ililisha mpaka ikakonda. Lakini mwaka 2014 watu wa matangazo walitaka wimbo mmoja wa bendi ile. Mkataba niliusoma mimi, mstari kwa mstari, mteja yuko chini ya draya ananisubiri. Walitaka wauchukue moja kwa moja. Nikasema wanaweza kuutumia mwaka mmoja, wakiutaka tena waje tena. Wakaondoka. Baada ya siku 9 wakarudi. Hatukununua Cobra. Yeye alinunua kinanda kingine, mimi nikanunua sinki mbili za kuoshea nywele.

Mwaka huo huo wa 2014 kilitoka kitabu ambacho Herbie anasimulia maisha yake, Possibilities. Tulikipata baadaye kidogo, tukawa tunakisoma usiku pamoja, yeye anatafsiri. Ndipo tukafika pale anapokiri kitu ambacho mashabiki hawakukijua: katika miaka ya tisini alikuwa ametekwa na kokeini ya kuvuta. Mwaka 1999 mkewe, binti yao na marafiki walimkalisha chini, akakubali kwenda kutibiwa. Mtu aliyeweza kuhama muziki wowote akauweza, alikuwa na chumba kimoja alichoshindwa kutoka. Nilimfikiria Gigi. Tangu 1968 kavumilia mikesha, mashine, Kinyonga na roboti, halafu hilo.

Mume wangu, ambaye kwenye kumbi anapewa bia za ofa kama maji ya kunawa, alifunga kitabu akaenda kukaa barazani. Sikumfuata. Aliporudi alikuwa amenyeshewa kidogo. Akasema kuanzia mwezi ule ofa zake atazidai kwa pesa taslimu, na mhasibu anamjua. Amewahi kuteleza mara mbili, nami nimeziandika.

Mwaka jana mama alikuja kutoka Moshi kutibiwa macho. Asubuhi mume wangu alikuwa sebuleni na vidude vyake vya masikioni, anabonyeza, hatusikii chochote isipokuwa kelele za vidole. Mama akamtazama weee, akanigeukia. "Siku hizi hasa anapiga nini?"

Nikaenda chumbani nikaleta daftari, sasa ni la tatu. Nyimbo 63, na jina lake kila ukurasa. Mama bandeji ilikuwa haijatolewa jicho moja, akaniambia nimsomee. Nikaanza na ule wa kwanza wa 2008. Nilipofika kwenye 20 chai ilikuwa imepoa, na mama akaniambia niendelee.